Mama Kufuli na Kelele za Kwarara

Bustani ile wenyewe walishahama, wakawaachia ndege. Kukipambazuka tu, kwarara wanaanza: haa! haa-haa! kama wapangaji wanaogombania choo. Wakinyamaza kidogo, wanadakia mnana, mia kwa pamoja, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza. Dudumizi yeye ni mtu mzima. Huguna tu kichakani mpaka mvua inyeshe, halafu hujisifu kwamba ni yeye aliyeileta.

Nyuma ya bustani hiyo kulikuwa na chumba cha uani, na humo alipanga mama mmoja na bintiye wa miaka tisa. Jirani yake, fundi cherehani, alimpachika jina la Mama Kufuli. Kila alipokwenda kazini, kupiga pasi mashuka ya hospitali, alimfungia mtoto ndani, akabana kufuli kwa nje na kuuvaa ufunguo shingoni kama hirizi. Dirisha lilikuwa na nondo. Mtoto aliachiwa jiko la mafuta ya taa apashie chakula.

"Mwache ashinde barazani kwangu," fundi alimwambia. "Kwani mtoto huyu ameiba nini?"

"Dunia imeharibika, dada. Magari, mbwa, watu wasio na haya. Muone hondohondo pale." Mama Kufuli akaonyesha mti wenye tundu. "Kamziba mkewe kwa tope, kaacha ufa wa kumlishia tu. Huyo ndiye mwenye akili."

"Na mwenye akili wako akipigwa jiwe huko njiani, mke atafunguliwa na nani?"

Mama Kufuli akasonya, akaenda zake.

Jumamosi moja, kabla hajaondoka, alibandika chai akampa mtoto ndoo ya taka. "Jalalani, uende na urudi. Usisimame kuangalia ndege."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sheria moja: mlango haukai bila kufuli. Kila walipotoka wote wawili, kazi ya kulibana ilikuwa ya mtoto, na akisahau ni kofi. Basi mtoto akatoka, akavuta mlango, mkono ukafanya ulichozoea. Ka!

Mama alicheka kwanza. Kisha akashika kifua, akaukuta ufunguo.

"We mtoto! Rudi!"

Haa! wakajibu kwarara.

"Jamani, nimefungiwa!"

Haa-haa-haa! Kila alipopaza sauti nao walipaza, kama yeye ndiye mwimbishaji na wao waitikiaji. Ng'ambo ya ua cherehani ilikuwa inakwenda, na alimsikia fundi akimwambia mteja, "Leo kwarara wana msiba gani?"

Akapitisha mkono kwenye nondo, ufunguo umening'inia. Kufuli lilikuwa mbali, shubiri mbili zaidi ya mkono wake. Kunguru akatua ukutani, akautazama ule ufunguo kwa jicho moja, kama mtu anayeuliza bei. Mama akaurudisha mkono kwa haraka, na kiwiko kikapiga jiko lililokuwa chini ya dirisha.

Mafuta yakamwagika. Moto ukashika pazia.

Alivuta blanketi, akalichovya kwenye pipa la maji, akaufunika moto na kuukandamiza kwa mikono na magoti mpaka ukafa. Moshi ukajaa. Akapachika pua katikati ya nondo, anakohoa, machozi yanamtoka, na pale ndipo alipomwona jike la hondohondo. Alikuwa akilidonoa lile tope kwa ndani, linabanduka vipande vipande. Hakuwa akingoja ufunguo wa mtu.

Mama akageuka akalitazama blanketi. Likilowa lile, yeye mwenyewe hulinyanyua kwa taabu. Mtoto wa miaka tisa je?

"Mama! Moshi! Mama, uko wapi?" Mtoto alikuwa amerudi.

"Niko hapa. Pokea ufunguo."

"Nisamehe, nilisimama. Hondohondo anatoka..."

"Fungua, mwanangu. Fungua tu."

Mtoto akauchomeka ufunguo. Kufuli lilikubali mara ya tatu. Akaingia, akamtazama mama yake aliyejaa masizi.

"Uliogopa?"

"Kidogo."

"Mimi nikiogopa nawahesabu kwarara. Wakishapita mara ya pili, na wewe unakuwa karibu kurudi."

Mama alimkumbatia mtoto na masizi yake yote.

Siku ya kazi iliyofuata, alimshika mkono akampeleka barazani.

"Mama Kufuli! Leo umepotea njia?" fundi akamtania.

"Nyamaza, dada. Mkalishe upande huu, asiende barabarani." Akaondoka, akarudi kuchungulia, akaondoka, akarudi tena. Wasiwasi haukumtoka, na hautamtoka. Lakini kufuli alikuwa amelitia mfukoni.

Nawe mama mwenzangu, kabla hujambania mwanao mlango, kaa wewe ndani kwanza. Ufunguo mpe mtu aende nao mbali. Kisha uite, usikie nani atakuitikia.