Chumvi ya Paka

Paka yule alikuwa na babu. Khalidi alinionyesha kwenye simu tukiwa mezani, kabla hata sijamaliza kunawa mikono: paka mweupe, manyoya tele, pua imebonyea kama aliyegonga mlango, na chini ya picha majina ya baba yake, mama yake, babu zake na bibi zake, mpaka yule wa kwanza aliyeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Mume wangu aliyasoma majina hayo taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Kisha akaniarifu kwamba Anitha, mwanamke anayewafuga na kuwauza, yuko hapa hapa mjini, na wakubwa wawili ofisini kwao wamekwisha kununua kwake.

Nilikasirika papo hapo, na sitajifanya kwamba hasira ile ilikuwa ndogo. Nyumba yetu ya Area D ilikuwa imevamiwa na panya. Walitoboa gunia la karanga stoo, wakaja kuzaliana ndani ya viatu vyangu vya kazini. Tulihitaji paka wa kukamata panya, si paka wa kuchanwa nywele. Lakini hilo peke yake lisingenichoma. Kilichonichoma ni kwamba upande wa pili wa meza alikaa Asma, binti yetu, ambaye hakuna mtu duniani anayelijua jina la babu yake.

Asma tulimchukua katika kituo cha kulelea watoto kule Haneti. Aliokotwa akiwa mchanga, amefungwa kwenye khanga ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai. Sisi Mungu hakutujalia kizazi, na tulipomaliza kulia tulifunga safari, tukarudi naye akiwa mdogo wa kushikwa mkono kwenye ngazi. Sasa yuko darasa la nne na anamsahihisha baba yake hesabu. Nilidhani habari ya alikotoka tumeizika zamani.

"Paka wa kuokota hujui damu yake," Khalidi alisema huku akimega ugali. "Hujui kazaliwa na nani, ana maradhi gani. Huyu asili yake inajulikana."

Nilimtazama Asma. Alikuwa anachambua samaki, mwiba mmoja mmoja, akiipanga pembeni mwa sahani. Kwa ajili yake nikaimeza hasira, nikamwongezea mchuzi. Lakini hasira ukiimeza hailali, na usiku ule ilinigeuzageuza kitandani.

Asubuhi nilimpandisha Asma kwenye bajaji, tukaenda Zuzu kwa Marselina. Huyu ni mwanamke wa makamo ambaye uwanja wake umejaa paka walioachwa. Mji wetu huu ni mji wa uhamisho. Barua ya kuhama ikitoka, mtu anapakia makochi, friji, mtungi wa gesi, hata mlimao uliopandwa kwenye ndoo. Paka anabaki barazani akingoja mlango ufunguliwe. Watu wenye elimu zao, wanaoswali na wanaosali. Marselina huzunguka kwenye nyumba hizo na kikapu, anawakusanya, anawatibu, anawatafutia watu.

Hatukupata nafasi ya kuchagua. Paka wa kijivu, sikio moja limekatika nusu, alikuja moja kwa moja akajilaza juu ya miguu ya Asma. Mtoto akaketi mavumbini na gauni lake safi, akaanza kumkuna shingoni, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda. Marselina akanieleza kwamba huyo ni hodari wa panya, ila hana bahati. Amechukuliwa mara mbili na mara mbili amerudishwa: kwanza kwa kuchana kochi, halafu kwa sababu mama mwenye nyumba alipata ujauzito akaogopeshwa kwamba paka atamdhuru mtoto.

"Mchukueni," alisema. "Mimi sitaki kitu. Na mkiona hawezani na nyumba yenu, mrudisheni tu hapa. Msimtupe."

Maneno yale yalinigusa, kwa vile niliona yametoka kwenye moyo mweupe. Asma aliondoa mkono shingoni mwa paka. Nilimwona, nikadhani ameona kiroboto. Nikamwambia Marselina kwamba tutarudi, maana baba wa nyumba hajakubali bado.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Bi Mishi, mama yake Khalidi, amewasili kutoka Kondoa na asali yake na kifurushi cha ulezi. Tukampa shikamoo, tukamkalisha, na Khalidi, asiyejua kungoja, akamletea simu amwone paka mwenye ukoo. Bi Mishi aliitazama picha kwa mbali, kisha akasema kwamba paka hauzwi. Khalidi akajibu kwamba masheikh wamehitilafiana katika jambo hilo. Bi Mishi akasema kwamba masheikh watajibu kwa elimu yao, lakini nyumbani kwao, milimani, paka huombwa.

Akatueleza, naye Asma akiwa amesimama mlangoni akisikiliza. Ukienda kuomba paka unafunga chumvi kwenye kitambaa, unaiacha kwa wenyewe. Wao huitia kwenye mboga. Wakishaila, basi: paka hatatoroka kurudi, na wao hawawezi kumdai.

"Asipoachiwa chumvi," Bi Mishi alimalizia, "huyo ni wa kuazima tu."

Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba nimepata wa kuniunga mkono. Nikamtuma Asma chumbani, nikageuka kwa mume wangu, na yote niliyoyameza jana nikayatapika. Nilimwuliza kama anasikia maneno yanayotoka kinywani mwake, damu, asili, kuokota. Akasema yeye anazungumzia paka.

"Najua unazungumzia paka," nilimwambia. "Nakuuliza unazungumza mbele ya nani."

Akautazama mlango aliopitia Asma. Ndipo alipoelewa, na nilimwona akielewa, uso ukimshuka. Kumbe hakuwa na nia mbaya, alikuwa mjinga tu, na ujinga wake ukazidi kunitia hasira. Akailaza simu kifudifudi. Akasema tumchukue wa Zuzu, tena leo hii. Nilikuwa nimeshinda. Nikamwita Asma aje kusikia habari njema, na ninakiri ushindi ule ulikuwa mtamu.

Asma alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nataka yule mweupe," akasema.

Hasira ikanipanda upya, safari hii ikamwangukia mtoto. Nilimpigania nani, basi? Nikamkumbusha paka aliyemlalia miguuni, nikamwuliza kama na yeye ameingiwa na ugonjwa wa wakubwa wa ofisini. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Asma alisokota upindo wa gauni.

"Yule wa kijivu wamemrudisha mara mbili," alisema. "Na yule anti kasema na sisi tukichoka turudishe. Huyu mweupe akinunuliwa, kanunuliwa. Harudi."

Kisha hakunitazama mimi wala baba yake. Alimgeukia bibi yake.

"Bibi, mimi waliponichukua, waliacha chumvi?"

Nilimkumbuka afisa wa ustawi wa jamii, enzi zile za majaribio kabla mahakama haijatukabidhi mtoto. Alikuwa akija na mkoba wake, anaketi kwenye kochi, na mbele ya Asma aliyekaa mkekani akichora, anauliza: "Mnaendelea naye, au tumtafutie sehemu nyingine?" Kama anayeulizia msichana wa kazi. Nasi tulimjibu kwa adabu kwamba tunaendelea naye, tukamletea soda. Hasira niliyomwonea mwanamke yule, miaka yote hii baadaye, ilinirudia nzima. Nilimchukia kwa mkoba wake na kwa soda yangu aliyokunywa. Na mtoto alikuwa ameyasikia yote, akaendelea kuchora.

Khalidi alimweleza Asma kwamba kuna hukumu ya mahakama, ina mhuri, hakuna anayeweza kuitengua. Alieleza vizuri na kwa upole. Asma alimsikiliza kwa heshima.

"Kwa hiyo hamkuacha," alisema.

Bi Mishi hakucheka, wala hakumkumbatia. Aliniuliza kama chumvi ipo. Nikasema ipo, ya pakiti.

"Itafaa," alisema, akajifunga ushungi. "Khalidi, washa gari."

Nilitaka kukataa. Mwanangu si paka. Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikipiga kelele kwamba mtoto asichanganywe na paka, na sasa tunampelekea chumvi ya paka. Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Lakini Asma alikuwa tayari amekwenda jikoni, na alirudi ameikumbatia pakiti kwa mikono miwili, amevaa viatu vyake vya Idi. Nikatafuta mtandio wangu.

Njia ya Haneti ilikuwa kavu, mabua ya mtama yamesimama mashambani bila masuke, ng'ombe wakivuka barabara kwa maringo yao. Bi Mishi alikaa mbele na mwanawe. Mimi na Asma nyuma, pakiti mapajani mwake. Kituoni alitupokea mlezi mkuu, Bi Shakila, mwili umeongezeka na macho ni yale yale, akamtambua Asma kabla hatujamtaja. Khalidi alianza kusema kwamba tumeleta zawadi kidogo.

"Si zawadi," Bi Mishi alimkata, akamweleza kwa maneno machache.

Bi Shakila alinitazama. Nilikuwa nangoja atabasamu. Angetabasamu, nadhani ningemzaba kofi. Hakutabasamu. Alifuta mikono kwenye khanga, akaipokea pakiti kutoka kwa Asma kwa mikono yote miwili.

"Mboga ya jioni bado haijaungwa," alisema. "Tutaitia."

"Yote?"

"Yote itakuwa kali, mwanangu. Leo kiasi, kesho kiasi."

Asma alifikiri.

"Lakini msibakize," alisema.

Hakukubali kuondoka mpaka aingie jikoni na kuiona ya kwanza ikitiwa chunguni. Tulimngoja uani, watoto wa kituo wakituzunguka na kuuliza majina yetu, Khalidi akijifuta uso kwa leso na kulisingizia vumbi. Asma alipotoka aliingia kwenye gari bila kuaga, akafunga mkanda.

"Tukifika mjini tununue pakiti nyingine," aliniambia. "Ya kupeleka Zuzu."

Nilimkumbusha kwamba yule anti alisema hataki kitu.

"Atapokea!" alisema Asma. Sauti ilikuwa kali, nyusi zimekutana, kidevu mbele. "Hawezi tu kumtoa hivi hivi. Lazima apokee."

Khalidi alikuwa ameshashika ufunguo. Kwenye kioo cha gari alimtazama Asma, akanitazama mimi, akarudi tena kwake, kama anayelinganisha nyuso mbili, na ilipita muda kabla hajakumbuka kuwasha gari.