Stuli Sitini za Mama Randa

Mtaani walimwita Mama Randa, na jina hilo hakulipata bure. Miaka kumi na mitano alikuwa akiranda mbao kwenye karakana yake, na kwa bei hakuna aliyempiga chenga. Ndiyo maana mwenye mgahawa alipotaka stuli sitini kwa elfu nane kila moja, alimcheka waziwazi.

"Ndugu yangu, mimi mwenyewe inanigharimu elfu tisa!"

Yule bwana akasema atapita tena saa kumi.

Binti wa kaka yake, mwanafunzi wa biashara aliyekuwa akimsaidia wakati wa likizo, akaweka msasa chini. "Shangazi, hiyo elfu tisa umeipataje?"

"Mbao, gundi, misumari, vanishi na ujira wa fundi, elfu sita na mia tano. Zinazobaki ni kodi ya karakana."

"Kodi ya mwezi huu si imeshatoka kwenye vitanda tulivyouza?"

"Imeshatoka, na faida juu."

"Na mafundi, unaowalipa kwa kila stuli, wamekaa wanapiga soga. Ukikataa, kodi haipungui hata senti. Ukikubali, kila stuli inakuachia elfu moja na mia tano."

Mama Randa akachomoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao: elfu tisini. Akaikodolea macho. Hesabu ilimwingia, lakini hakuwa mtu wa kumezeshwa kila kitu.

"Na wateja wangu wanaonunua kwa elfu kumi na moja wakisikia?"

Binti akakuna kichwa. Chuoni hawakuwa wamefika hapo.

"Hilo niachie mimi, mwanangu."

Saa kumi bwana akarudi. "Elfu nane na mia tano," Mama Randa akamwambia. "Hazina vanishi, hazina nakshi, na usafiri juu yako."

"Nane na mia mbili, mama."

"Na nusu. Kesho asubuhi tunaanza."

Bwana akaguna, akatoa malipo ya awali. Siku ya tisa stuli zote zikapakiwa, na hakuna mteja wa zamani aliyezifananisha na zake.

Mwezi uliofuata karakana ilijaa oda hadi mlangoni. Akatokea mwenye mgahawa mwingine, naye anataka bei ileile. Mama Randa akamgeukia binti.

"Haiwezekani," binti akajibu bila kusita. "Tukikuchukua wewe, tutamwacha anayelipa kumi na moja."

Shangazi akacheka, akamvutia mgeni kiti. "Umemsikia mhasibu wangu. Haya, keti tuzungumze."