Fungu la Aliye Mbali

Nyama ya kasa hailiwi na mtu mmoja. Hiyo ndiyo sheria ya mama yangu, Bi Chiku, na kule kisiwani kwetu sijasikia aliyeipinga. Kasa akivuliwa mtaa mzima unapata, na kabla ya kupakua, fungu la aliye mbali linatolewa kwanza. Aliye mbali ni mimi, Mbaruku, muuza vyombo vya plastiki hapa Ifakara. Najua kasa ni marufuku. Mama naye alijua, ndiyo maana kila ndoo aliyonitumia aliagiza iandikwe "samaki".

Alhamisi konda wa basi la Dar alinikabidhi ndoo ndogo, mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani nyama ya kukaanga, mafuta ya nazi, ndimu, chumvi kali. Nikaisogezea nafasi kwenye friji la dukani, katikati ya soda, nikaanza kutafuta wa kula naye.

Hapo ndipo mimi na mji huu tunapokosana. Nimehamia hapa sina hata ndevu, nimewazika watu wao, nimekula kambale wao wa kila namna. Lakini ukiwatajia kasa wanakutazama kama umewakaribisha kula kandambili. Nilianza na Osward, fundi baiskeli ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka langu.

"Kobe?" akauliza.

"Kasa. Wa baharini."

"Si ndiyo huyohuyo kobe, ila anajua kuogelea! Mimi hapana, kaka. Levina akisikia mume wake kala hicho kitu, nitalala humu humu kibandani."

Wateja wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma. Mwingine niliyemwalika akasema amefunga, na asubuhi nilimwona kwa macho yangu akila chapati.

Jioni niliipasha moto, nikatandika mkeka chumbani nyuma ya duka, nikaacha mlango wazi. Harufu ya nazi ilijaa uani. Hakuja mtu. Mkono wangu ulikwenda kwenye sahani ukarudi, ukaenda tena ukarudi. Sikutaka kuvunja sheria ya mama kwa uroho. Nikairudisha kwenye friji, nikala mkate mkavu, nikalala nimeinunia Ifakara nzima.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, dada yangu Salha akapiga simu. Alizungumza kwa shida, kama mtu aliyeungua ulimi.

"Kaka, umeila ile nyama?"

"Bado. Sijapata mwenzangu."

Akaangua kilio. Nikadhani amefurahi, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. Walikula siku ileile waliyonitumia. Usiku watu wakaanza kutapika, midomo ikawaka moto, makoo yakaziba. Salha mwenyewe alikuwa kitandani hospitali. Mama alifariki jana asubuhi, wakamzika baada ya adhuhuri. Wakati mimi nimekaa mkekani nanuna, yeye alikuwa ameshalala kaburini.

"Lakini mama anajua kumpika kasa," nikasema kama mjinga. "Si anamchemsha kwanza?"

"Bwana afya anasema hata ukimchemsha siku nzima. Anasema huenda ni bahari. Imekuwa ya moto mwaka huu, imeota vimwani vidogo vyenye sumu, visivyoonekana kwa macho. Kasa anavila na majani yake, yeye havimdhuru, ila sumu inabaki mwilini. Itupe, kaka. Usimpe hata paka."

Nikakumbuka kwamba mama alinilalamikia kuwa maji yameingia utelezi na yanawasha ngozi. Nilimwambia ajipake mafuta.

Hakukuwa na basi mpaka alfajiri. Nikawaambia wa msikitini kwamba mama ameugua ghafla akafariki, nyama sikuitaja; nikafunga duka, nikakaa mkekani na ile sahani. Vipande vilikuwa vidogo vidogo. Mama alivikata hivyo kwa sababu anajua magego yangu yameoza. Nani mwingine duniani anayajua magego yangu? Nitasema kweli, sikuwaza kufa. Niliwaza kula na mama. Nikajiambia kwamba sheria haivunjiki, maana sitakuwa nimekula peke yangu: yeye ameshakula sehemu yake, imebaki yangu. Nikakichukua kipande kimoja, nikakaa nacho mkononi.

"Hodi humu."

Alikuwa Osward. Kipande kikaniponyoka, kikarudi sahanini. Osward alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Akakaa mkekani bila kukaribishwa.

"Pole sana, kaka. Nimesikia pale msikitini kwenu kwamba mama ametutoka. Wanasema aliugua ghafla." Akaitazama sahani. "Ndiyo hii aliyokutumia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavuta birika, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kama anavyofanya akimaliza kazi za grisi. "Basi leo tunakula. Jana nilikosea. Huwezi kula chakula cha mwisho cha mama yako peke yako, na mimi jirani yako nipo."

Akachukua kipande. Akafumba macho, kama mtoto anayepewa dawa, akakipeleka mdomoni.

Niliupiga ule mkono kwa nguvu zangu zote. Kipande kikagonga ukuta, sahani ikapinduka, mafuta yakaenea kwenye mkeka. Osward akanikodolea macho, amekasirika.

"Ndiyo iliyomuua," nikasema.

Akaitazama nyama. Kisha akavitazama vidole vyangu, vinang'aa mafuta, na nikaona ameelewa. Akanishika mikono, akanimiminia maji, akaanza kunisugua kidole kimoja kimoja.

"Umekula?"

"Hapana."

"Na jana? Si ulishinda nayo jioni nzima?"

"Jana hukuja," nikamwambia.

Akaendelea kuniosha mikono, ingawa ilikuwa imeshatakata.