Weupe wa Mussoorie

Katika kanisa letu la mtaa wa Joubert Park, hakuna anayetoa ushuhuda peke yake. Papa Gaston, mchungaji wetu, aliweka sheria hiyo baada ya ndugu mmoja kusema alikufa akafufuka, halafu mkewe akatuambia mlangoni kwamba alizimia tu kwa njaa ya kufunga. Tangu hapo, ukisema Mungu amekutendea, aliyekuwa pamoja nawe anasimama na kusema: ni kweli, nilikuwepo.

Kwa hiyo Murielle aliposhika maikrofoni, nilijua nitaitwa mimi.

Murielle ni mwanangu wa pekee. Baba yake tulimzika Uvira kabla ya kuja huku kusini. Macho yake yalianza kufifia akiwa darasa la mwisho, na kanisa likatuchangia tukaenda Delhi. Daktari wa kule alimmulika, akammulika tena, kisha akazima taa yake. Kilichobaki ni kidogo, akasema, na hicho nacho kinaondoka.

Siku ya ndege yetu ilikuwa bado. Murielle akaniambia, "Basi nione theluji, mama. Nikishaiona, hata giza likija nitakuwa nayo."

Mwenye nyumba ya wageni akatuelekeza Mussoorie, mji ulio juu milimani, ambako mtu husimama akaiona Himalaya nyeupe ng'ambo ya mabonde. Basi lilipanda likijikunja, Murielle akitapika kwenye mfuko na kucheka.

"Mama, hii njia imelewa."

"Nyamaza, dereva asikusikie."

"Anajua Kiswahili?"

Ulikuwa mwezi wa nane, wakati wa mvua zao. Mji ulikuwa barabara ndefu ya maduka ukingoni mwa mlima, nyani juu ya mabati, wanaume wakichoma mahindi na kuyapaka ndimu na pilipili. Murielle alinusa, akasema ni kama pale chini ya fleti yetu. Lakini mlima haukuonekana. Ukungu tulilala nao, tukaamka nao.

Asubuhi ya mwisho tulipanda hadi mahali pa kutazamia. Mwenye kukodisha darubini alikuwa ameifunga kwa nailoni. Alitutikisia kichwa, akarudi kwenye chai yake. Mimi sikuona kitu kupita chuma cha kujishikia. Kabla sijafungua mdomo, Murielle akatulia.

"Mama, naiona."

"Unaona nini?"

"Nyeupe. Yote nyeupe. Ni kubwa, mama, haina mwisho." Machozi yakamtiririka. "Na wewe unaiona?"

Nilimwangalia usoni. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yanatazama ukungu kwa furaha. Nikajua kile kidogo kimeshaondoka.

"Shika chuma vizuri," nikamwambia. "Panateleza."

Nilidhani jambo lile litabaki kule mlimani. Murielle hakuniambia kwamba ameomba nafasi ya ushuhuda.

"Wapendwa," akasema Jumapili ile kwenye maikrofoni, "daktari alisema hapana. Lakini Mungu alinifungulia macho kule juu, nikauona mlima wote, nikauona vizuri kuliko ninavyowaona ninyi." Watu wakapiga makofi. Clémentine msusi, aliyepita nyumba kwa nyumba kutuchangishia, alilia kwa sauti.

Papa Gaston akanigeukia. "Mama Murielle, ulikuwepo. Mlima mliuona?"

Nilisimama. Mimi niliishia darasa la sita, lakini amri naijua: usimshuhudie jirani yako uongo. Na mahali pale ndipo nimepiga magoti miaka yote ya ujane wangu. Nilitafuta neno la katikati. Halikuwepo.

"Nilikuwepo, Papa. Kulikuwa na ukungu."

"Ukungu, na mlima nyuma yake?"

"Ukungu tu."

Mtu akakohoa nyuma. Papa Gaston akaanzisha wimbo haraka. Murielle akanyoosha mkono pembeni ili mtu ampokee maikrofoni, na kila mtu alikuwa ameangalia chini. Nilikwenda nikaipokea mimi.

Tukirudi alinishika kiwiko kama kawaida. Kwenye robot, zile taa za barabarani, tulisimama kusubiri.

"Ungeniambia kulekule."

"Ulikuwa na furaha, mwanangu."

"Basi ungeniachia."

Magari yalisimama, tukavuka.

Zamani kila jioni aliniuliza, "Mama, chini kuna nini?" Nami nilimsimulia kutoka dirishani: mwenye mahindi amewasha moto, polisi wanasumbua wauza viatu, mtoto ameangusha mkate. Tangu Jumapili ile hajauliza. Naomba, na maombi yangu yanarudi yalivyo. Ninachojua kufanya ni kutazama, basi naendelea kutazama.

Jana mwenye mahindi alikuja na kofia nyekundu, kubwa kama sufuria. Niligeuka nimwambie Murielle. Alikuwa ameuelekea ukuta, macho wazi, na ule ukuta wetu tuliupaka rangi nyeupe. Nikageukia dirisha tena.