Vile Mwenyewe Unavyoelewa

Kwa siku tatu Murdina alikuwa akiingojea namba moja ya simu itokee kwenye skrini yake, na kwa siku hizo hizo tatu alikuwa akiomba isitokee.

Walikuwa watu kumi na wanne kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja la Glasgow, kila mmoja na kompyuta yake na vipokea sauti vyake masikioni, wakiwapigia watu wasiowajua na kuwauliza maoni yao. Mwezi uliopita waliuliza juu ya bei ya umeme. Kabla ya hapo, chakula cha mbwa. Desemba hii ilikuwa ni muswada. Bunge la Edinburgh lilikuwa likijadili kama mtu aruhusiwe kubadilisha jinsia kwenye vyeti vyake kwa kuapa tu kwamba ndivyo alivyo, bila kupitia kwa madaktari, na kila gazeti lilitaka kuwa la kwanza kutangaza nchi inasemaje.

"Nchi inasema inategemea umeiulizaje," alisema Dougie, aliyeendesha basi miaka thelathini kabla ya kuja kukaa meza ya pili kutoka ya Murdina.

Hakukosea. Swali lilikuwa na sura mbili, na kompyuta ndiyo iliyochagua nani asomewe ipi. Sura ya kwanza iliuliza kama watu waliobadili jinsia warahisishiwe njia ya kupata cheti. Ya pili iliuliza kama mtu yeyote aruhusiwe kubadilisha jinsia kwenye cheti bila daktari kuhusika. Waliosomewa ya kwanza, wengi walikubali. Waliosomewa ya pili, wengi walikataa. Muswada ulikuwa ule ule. Murdina alizisoma zote mbili kwa sauti yake ya upole, ile aliyojifundisha upya taratibu kwa miaka miwili, na hakuna aliyejua upande wa pili wa simu kwamba anayeuliza ndiye ambaye habari zake zinaulizwa.

Kazi ilikuwa na miiko. Soma kama ilivyoandikwa. Usicheke, usigune, usieleze. Mtu akitaka kujua neno fulani lina maana gani, jibu ni moja tu: "Ni vile mwenyewe unavyoelewa." Murdina alikuwa amelisema jibu hilo mara nyingi hata siku moja dukani, alipoulizwa anataka mfuko mkubwa au mdogo, likamtoka lenyewe, yule muuzaji akabaki kumkodolea macho.

Yaliyomleta kwenye namba ile yalianza Alhamisi, wakati wa chai. Dougie alikuwa anatafuna mkate wake wa soseji huku akisoma gazeti.

"Haya, matokeo ya wenzetu hawa. Wanaopinga ni wengi. Halafu huku chini, kwa maandishi ya sisimizi: 'wasiojua wameondolewa.'"

"Wasiojua huwa wanapelekwa wapi?" Murdina aliuliza.

"Wanarudishwa kwao kisiwani, mshamba wangu, wakachunge kondoo."

Alicheka, maana Dougie hakuwa na ubaya. Ndipo msimamizi wao, Rukhsana, akaja na orodha mkononi.

"Murdina, mpenzi, wewe ni wa Lewis, sivyo? Nimepungukiwa na watu wa visiwani. Wanawake wa zaidi ya miaka sitini hasa. Wakisikia lafudhi ya Dougie wanakata simu."

"Wanakata kwa sababu hawana adabu," Dougie alisema na mkate mdomoni.

"Wanakata kwa sababu hawakusikii neno hata moja, baba. Murdina, ukimpata mtu unayemfahamu usimuulize, unampisha mwenzako. Unajua sheria."

"Najua."

Alijua pia kwamba Bragar, kijiji chao cha upande wa magharibi, hakina nyumba nyingi zilizobaki na simu ya mezani, na kwamba moja ya hizo chache ina mwanamke wa miaka sitini na nane aitwaye Dolina, ambaye hajasikia sauti ya mwanawe wa pekee kwa miaka minne.

Murdina alikuwa amezaliwa akapewa jina la babu yake mzaa mama, Murdo. Kule kwao mtoto wa kike naye hupewa jina la babu, ila huongezewa mkia: mjukuu wa Donald anaitwa Donaldina, wa Murdo anaitwa Murdina. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuchagua jina hakwenda mbali. Alichukua lile lile alilopewa, akalitia mkia. Marafiki wa Glasgow walilicheka, wakasema ni jina la shangazi wa kanisani. Yeye alilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alilitia chini ya ukurasa wa nne wa barua aliyomwandikia mama yake, barua ya kumweleza yeye ni nani. Jibu halikuja. Hakupata kujua kama mama aliichoma, au aliisoma nusu, au alifika hata ukurasa wa nne ambako jina lilikuwa linamngoja.

Alhamisi namba ile haikutokea. Ijumaa haikutokea. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, ikatokea.

Aliijua kabla hajaisoma, kama unavyomjua mtu wa kwenu kwa mgongo. Mashine ilikuwa imekwisha kupiga yenyewe. Kitufe cha kumpisha mwenzake kilikuwa pale, cha manjano, na kidole chake kilikuwa juu yake. Ikaita mara nne.

"Nane sita mbili," ilisema sauti. Mama hakuwahi kusema "halo" maishani mwake. Alisoma tarakimu tatu za mwisho za namba yake, kama alivyofundishwa siku simu ilipoingia kijijini.

Kidole kikaondoka kwenye kitufe.

"Habari za asubuhi. Ninapiga kutoka kampuni ya utafiti wa maoni, Glasgow. Naitwa..." Kwa siku tatu alikuwa akiwaambia wanawake wa visiwani kwamba anaitwa Ina. Sasa ulimi ukakataa kudanganya. "Naitwa Murdina."

Nyuma ya pumzi za mama aliisikia saa ya babu juu ya kabati, ile inayochechemea, ambayo kila fundi aliyeitazama alisema haina ugonjwa.

"Murdina," mama alirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya supu. "Wewe ni wa nani?"

Kila mtu wa kisiwani huuliza hivyo. Hawaulizi unatoka wapi wala unafanya kazi gani. Wanataka kujua wewe ni wa nani, wakiwajua watu wako wanakuvutia kiti.

"Samahani, bibi, haturuhusiwi kueleza habari zetu. Mazungumzo haya yanarekodiwa. Yatachukua dakika nane. Uko tayari kuendelea?"

"Yanarekodiwa." Dolina alivuta pumzi. "Basi tuwe na heshima. Ngoja nikae. Uliza."

Murdina aliuliza miaka. Sitini na nane. Aliuliza nyumbani wanaishi watu wangapi.

"Mmoja. Na paka, ila paka hana kadi ya kura. Vitanda viwili. Hicho hukuuliza."

"Hapana, bibi."

"Vyote vimetandikwa. Andika."

Hakukuwa na mahali pa kuandika. Murdina alibonyeza kuendelea huku anaomba ije sura ya kwanza, ile ya kurahisishiwa, ile ambayo watu huijibu kwa huruma. Ikaja ya pili. Miiko ni miiko. Akaisoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno.

"Je, unakubali au hukubali kwamba mtu yeyote aruhusiwe kubadilisha jinsia kwenye vyeti vyake bila daktari kuhusika?"

"Mtu yeyote," mama alisema. "Huyo mtu yeyote ni nani?"

"Ni vile mwenyewe unavyoelewa."

"Vile ninavyoelewa mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi namwelewa mmoja tu. Tena huyo naye sijui kama nilimwelewa." Saa ikachechemea. "Nina mtoto mmoja. Aliniandikia barua. Kurasa nne."

Murdina alishika ukingo wa meza. Kwenye meza yake Dougie alikuwa anamuuliza mtu wa Dundee kama amesikia vizuri.

"Nilizisoma zote," Dolina aliendelea. "Huo wa nne umechakaa kuliko nyingine."

"Na hukujibu?" Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Hilo nalo limeandikwa hapo kwako?"

"Hapana. Samahani, bibi. Nimekosea."

"Nitalijibu, maana umeuliza kwa adabu. Nilijibu mara tatu. Barua ziko kwenye droo ya vijiko. Kilichonishinda ni bahasha. Ndani unaandika 'mpenzi wangu' unaendelea, hakuna taabu. Lakini juu ya bahasha posta wanataka jina. La zamani nilijua litamchoma. Jipya nalo... Herufi nne za mwanzo ni zile zile. M, u, r, d. Hapo nafika salama. Ya tano mkono unagoma. Nina bahasha tatu zimeishia hapo."

Kwenye skrini viboksi vitatu vilikuwa vinangoja. Nakubali. Sikubali. Sijui.

"Bibi," Murdina alisema, "ni lazima nijaze moja. Unakubali, hukubali, au hujui?"

"Weka sijui. Lakini mpenzi wangu, kuna sijui ya mtu asiyejali, na kuna sijui ya mtu anayeamka nayo na kulala nayo. Mashine yako inazitofautisha?"

"Hapana. Ni moja tu."

"Mashine ya bure. Weka hiyo hiyo."

Akaiweka. Lilibaki swali moja, la mwisho, ambalo hufunga kila mazungumzo na ambalo watu wengi hulikataa hata kabla halijaisha. Alilisoma kama lilivyoandikwa.

"Je, tukipenda kukupigia tena siku nyingine, utakuwa tayari?"

"Nitakuwa tayari," mama alisema, upesi mno, kana kwamba alikuwa akilingojea mlangoni na koti mkononi. "Ila si kesho, kesho ni Jumapili, siku ya Bwana. Jumatatu. Baada ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili."

"Anaweza kupiga mtu yeyote wa hapa, bibi. Mimi sipangi."

"Mtu yeyote simtaki. Kuna mmoja tu hapo kwenu. Mwambie apige yeye."

Kiingereza hakina 'yeye' wetu huyu anayewabeba watu wote. Kina wawili, wa kiume na wa kike, na ukimtaja mtu ni lazima umchague mmoja, kusudi au bahati mbaya. Dolina alipolifikia neno hilo alisita kama ulivyosita mkono wake juu ya bahasha. Kisha mama akasema 'yeye' wa kike, kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kiatu kipya ndani ya nyumba kabla ya kutoka nacho barabarani.

Simu ikakatika.

Murdina alinyoosha mkono juu. Rukhsana akaja, akamwona uso, akavuta kiti.

"Vipi tena?"

"Hii ya mwisho. Nimevunja sheria. Ninamfahamu."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Rukhsana aliitazama namba, akamtazama yeye. Alikuwa na mama yake mwenyewe huko mtaa wa Pollokshields, ambaye naye hawakupatana vizuri. Hakuuliza zaidi. "Unajua lazima niifute."

"Najua."

"Alijibu nini?"

"Hajui."

"Wangemtoa tu hata hivyo, gazeti lile," Rukhsana alisema taratibu, akabonyeza mara mbili, na Dolina wa Bragar akatoka kwenye hesabu ya nchi. Kisha akaweka mkono begani pa Murdina, akauacha hapo. "Nenda kanywe chai. Dougie, mpe huyu nusu ya mkate wako."

"Nusu?" Dougie alisema. Lakini alimpa wote.

Jumapili ilikuwa ndefu. Murdina alipika uji, hakuumaliza. Alikaa dirishani kwenye chumba chake cha mtaa wa Partick, akaitazama mvua, akafikiria droo ya vijiko: upande wa kushoto vijiko vikubwa, upande wa kulia vidogo, na kile kijiko cha harusi kisichotumika. Barua zililala wapi katikati ya hivyo? Zilisema nini baada ya 'mpenzi wangu'? Tangu mwaka gani? Alitamani kuzisoma, lakini kuliko kuzisoma alitamani kumwona mama akivuta ile droo inayokwama, akiiinua kwa goti kama alivyozoea.

Mchana alitoa bahasha tatu mpya, akazipanga mezani. Juu ya kila moja akaandika jina lake, herufi saba, na anwani yake chini, akabandika stempu. Mkono haukugoma popote. Alizikunja zote tatu, akazitia ndani ya bahasha kubwa, na juu ya hiyo akaandika jina la mama.

Alitoka na kofia ya mvua mpaka kwenye sanduku la posta jekundu la kona ya barabara. Kibao kilisema Jumapili hakuna anayekuja kuchukua barua, mpaka kesho. Alisimama pale muda, bahasha nusu ndani nusu nje, mvua ikimdondokea kwenye mkono.

Kisha akaiachia, akaisikia ikigonga chini.