Kiraka cha Jumatano

Toleo la tatu la Tarishi lilitakiwa litoke Jumamosi, na Hamdiya alikuwa ameshafunga mlango tangu Jumapili iliyotangulia. Kufunga mlango ilikuwa lugha yao wenyewe, yeye na Mashaka. Maana yake ni kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kipya kinachoingia kwenye programu. Makosa tu ndiyo yanayorekebishwa, na kila rekebisho, kiraka kama walivyokiita, lazima kisomwe na mtu wa pili kabla hakijashonwa mahali pake. Sheria hiyo waliitunga wote wawili, na aliyeipiga chapa ni Mashaka. Ndiyo maana Hamdiya alikasirika alipomwona anaingia dukani Jumatano asubuhi, diski mkononi.

Duka lilikuwa la baba yake Hamdiya, Mzee Awadh, pale Mtoni kando ya Barabara ya Kilwa. Aliuza misumari, bawaba, rangi na mabomba. Nyuma ya makopo ya rangi palikuwa na chumba kidogo chenye kompyuta, modemu, na waya wa simu uliovutwa kutoka mezani kwa mzee. Humo ndimo Tarishi ilimozaliwa, mwaka tisini na sita. Intaneti ya mjini ilikuwa ghali na sehemu nyingi za mikoani haikuwapo kabisa, kwa hiyo hospitali na shule za mbali zilikuwa zinapiga simu Dar, kompyuta kwa kompyuta, kupeleka barua zao na kuchukua zilizowasubiri. Tarishi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Hamdiya na Mashaka, waliosoma chuo kimoja na sasa wakitengeneza kompyuta kwenye ofisi moja ya Mikocheni, waliiandika kwa ajili ya rafiki zao wachache. Wakaigawa bure, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili anayejua airekebishe na kuwarudishia alichorekebisha. Hawakutegemea kwamba watu wangerudisha kweli. Sasa ilikuwa tisini na nane, na viraka vilikuwa vinaingia vingi kuliko walivyoweza kuvisoma.

"Shikamoo mzee," Mashaka alimsalimu Mzee Awadh, kisha akapita nyuma. "Sista, usinune kwanza. Ni kitu kidogo."

"Mlango umefungwa, Mashaka."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia ni kidogo."

Hamdiya, aliyekuwa amechukua likizo ya wiki mbili kwa ajili ya toleo hilohilo, aliipokea diski na kuifungua. Hicho kitu kidogo kilikuwa kimegusa karibu kila faili.

"Kinafanya nini?"

"Watu wa hospitali wanalalamika nafasi inajaa. Si unazijua zile kompyuta zao za msaada? Sasa hii inafuta barua palepale inapotumwa, haisubiri ule usafi wa usiku wa kufuta zilizokwisha kwenda. Halafu nimeweka mstari wa nyota unaoonyesha barua imefika wapi. Jumamosi kwenye mkutano wa watumiaji pale Mbezi Beach watu wakiuona, watapenda."

"Huo mstari nani aliuomba?"

"Mie."

"Na kiraka nani amekisoma?"

"Wewe si ndiye utakayekisoma?"

"Lini? Nina viraka vya makosa hapa vimejipanga tangu wiki iliyopita. Hiki ni kipya. Kitangoja toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni mwakani, Hamdiya. Kila kitu kwako ni toleo lijalo." Mashaka aliketi juu ya kopo la rangi. "Filomena naye je? Kiraka chake kina miezi mingapi kwako?"

Filomena alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana huko Songea, na hawakuwahi kumwona. Kiraka chake kilitibu ugonjwa ambao kila mtu aliulalamikia: simu ikikatika katikati, Tarishi ilianza kutuma barua upya kutoka mwanzo, na kwa simu za mikoani, barua ndefu ilikuwa inaanza upya kutwa nzima. Hamdiya alikirudisha mara ya kwanza kwa sababu kilichanganya mambo mawili. Akakirudisha tena kwa sababu mistari yake haikupangwa kama mistari ya wenzake. Kiliporudi, toleo dogo lilikuwa limeshatoka na kiraka hakikukaa sawa juu yake, akaomba kishonwe upya. Kisha akataka maelezo. Kila mara alikuwa na haki, na kila mara majibu yalipita kwenye simu ileile inayokatika.

Mzee Awadh alichungulia mlangoni, tasbihi mkononi. "Kitu chenyewe mnagawa bure. Mnagombania nini?"

"Ingekuwa ya kuuza, baba, mmoja wetu angekuwa bosi," Hamdiya alisema. "Angesema hapana, yakaisha. Sasa hapa hakuna bosi. Kuna huyu."

Mashaka alicheka, akachukua diski yake. "Haya. Umeshinda."

Hamdiya alipaswa kujua kwamba mtu huyu hakuwahi kushindwa kirahisi namna hiyo.

Kazi ya kunakili diski za kugawa ilikuwa ya Mashaka siku zote, kwa sababu ofisini Mikocheni kulikuwa na mashine zaidi. Ijumaa alipiga simu kusema ameshamaliza, zote zimebandikwa lebo. Jumamosi asubuhi Hamdiya alifika kwenye ukumbi wa hoteli kule Mbezi Beach akakuta diski zimeshagawiwa na watu wameketi: waganga, walimu, mapadri wawili, wahasibu wa misheni. Mbele, Mashaka alikuwa ameunganisha kompyuta na simu ya hoteli, akipigia kompyuta ya dukani Mtoni kuonyesha kazi. Aliomba mtu yeyote mwenye barua ya kweli ajitokeze. Sista Demetria, mkuu wa wauguzi katika hospitali moja ya kanda ya ziwa, alikwenda akaandika kwa vidole viwili ujumbe wa kwenda kwao, kwamba gari limfuate stesheni.

Mashaka akabonyeza. Kwenye kioo, mstari wa nyota ukaanza kutambaa. Watu wakapiga makofi.

Hamdiya hakupiga. Alitembea hadi mbele, akainama karibu na sikio lake. "Hii siyo niliyoifunga mie."

"Ni ileile. Nimeongeza kidogo tu."

"Mashaka."

"Baadaye, sista. Watu wanatuangalia."

Alitamani kumnyang'anya kibodi. Badala yake alisimama pale pembeni, mikono imekunjwa, akihesabu kimoyomoyo mambo yote ambayo hakuna mtu aliyeyasoma ndani ya diski zile. Ndipo mwanamke mfupi wa safu ya nyuma, aliyevaa sweta licha ya joto, akanyoosha mkono.

"Simu ikikatika hapo katikati, barua inakuwa wapi?"

"Hii laini ni nzuri, mama, haikatiki," alisema Mashaka.

Ukumbi mzima ulicheka. Kilikuwa kicheko kirefu na kichovu cha watu waliotoka mikoani. Mwanamke hakucheka. Alikuja mbele, akasema, "Naomba," na kabla hajajibiwa akachomoa waya wa simu ukutani. Nyota zilisimama. Alisubiri kidogo, akaurudisha waya, Mashaka akapiga tena Mtoni. Tarishi iliunganisha, ikaangalia sanduku la barua zinazosubiri kutoka, ikatangaza kwamba hakuna kitu cha kutuma.

"Barua yangu imefika?" aliuliza Sista Demetria.

Mashaka alitafuta. Alifungua sanduku moja, akafungua jingine. Hamdiya alikuwa ameshaelewa: kiraka kilikuwa kinafuta barua inapoanza kwenda, badala ya kungoja upande wa pili ukiri kuipokea.

"Haipo," Mashaka alisema mwishowe.

"Basi nitaiandika tena," alisema Sista Demetria kwa upole, na upole huo ulimuumiza Mashaka kuliko tusi.

Walitangaza mapumziko ya chai mapema. Hamdiya alipita meza hadi meza akikusanya diski na kuomba radhi, na ilikuwa kazi ya aibu. Padri mmoja alimpa yake. Mhasibu wa kutoka Kigoma alikataa kabisa.

"Nimepanda treni kwa ajili ya diski hii, dada yangu."

"Itapoteza barua zako."

"Ya zamani inazirudiarudia mpaka hela yote ya simu inakwisha. Bora ipi?"

"Ya zamani," alisema Hamdiya, ingawa moyoni alimwona mtu huyu ana haki ya kumpigia kelele. Mhasibu akaiachia diski, kidole kimoja kimoja.

Mwanamke wa sweta alikuwa anamsubiri karibu na birika la chai. "Wewe ndiye H. A. unayenijibu?"

Hamdiya alimtazama vizuri. "Mwalimu Filomena."

"Nilidhani ni babu mmoja mwenye miwani."

"Miwani ninayo."

"Naona." Filomena hakutabasamu. "Mie nasahihisha madaftari kila siku. Mwanafunzi akikosea mambo manne, namwandikia yote manne siku hiyohiyo. Simwambii moja, akalirudisha, nikamwambia la pili. Wewe umenifanyia hivyo tangu mvua za masika. Sasa nimekuja mwenyewe. Kiraka changu kina kasoro gani?"

Hamdiya alifungua mdomo kueleza habari ya mistari na mpangilio, akaufunga. Alikuwa amekisoma kiraka kile mara nyingi, lakini hakuwahi hata siku moja kukiweka kwenye mashine na kuchomoa waya. Alikiangalia umbo, akajiambia kazi yenyewe ataiangalia umbo likishakaa sawa.

"Sijui," alisema. "Twende tukaone."

Walirudi kwenye kompyuta. Filomena alikuwa amekuja na kiraka chake, kimeshonwa juu ya toleo la mwisho. Wakaandika barua ndefu ya uongo, wakaituma, Filomena akachomoa waya. Walipourudisha, barua iliendelea kutoka ilipoishia, kama mtu aliyepaliwa na maji kisha akaendelea na hadithi yake. Wakarudia mwanzoni mwa barua, wakarudia katikati. Ilifika nzima. Hamdiya alihisi furaha na aibu vimekaa pamoja kifuani, na hakujua atangulize kipi.

Mashaka alikuwa amesimama nyuma yao. Kisha akasogea. "Ngoja," alisema. Alituma barua nyingine, akaikodolea macho mpaka mwisho kabisa, sehemu ile ambapo yote imeshakwenda na Tarishi inangoja tu jibu la kupokelewa. Hapo akachomoa.

Walipounganisha tena na kuuliza Mtoni, Mtoni ilisema imepokea barua mbili.

"Afadhali mbili kuliko hakuna," alisema Filomena.

"Barua ya kuagiza dawa ikifika mara mbili, zinaletwa dawa mara mbili," alisema Mashaka.

"Basi tunaweza kutoa hivyohivyo," alisema Filomena, "tukawaambia watu wawe macho."

"Sitoi toleo linalotuma mara mbili," alisema Hamdiya.

Wote wawili waligeuka wakamtazama kwa uso mmoja, uso wa watu waliochoshwa na mtu yuleyule. Hamdiya aliuona, na haukumfurahisha, lakini hakubadili neno.

Baada ya chai ni yeye aliyesimama mbele akasema hakuna toleo leo. Alieleza kosa lilivyo, kwa maneno ya kawaida, na kwamba kiraka kilichofika kwake kutoka Songea kilikaa bila kujaribiwa. Hakumtaja Mashaka. Watu walinung'unika, na mmoja aliuliza kama waandaaji watawarudishia nauli. Mhasibu wa Kigoma alikula na kuondoka bila kuaga.

Mashaka alimkuta Hamdiya akikunja waya. "Ungeniambia mapema kwamba ina hatari, nisingeileta."

"Nilikwambia dukani."

"Dukani ulisema mlango umefungwa. Hukusema ina hatari."

"Sikuwa nimeisoma. Ndiyo hatari yenyewe, Mashaka. Unataka nikuelezeje?"

Mashaka alichukua kompyuta, akaipakia garini, akaondoka peke yake.

Filomena hakuwa na haraka ya kurudi, shule zilikuwa zimefungwa. Alilala kwa akina Hamdiya, mama yake Hamdiya akamlisha mpaka akaomba msamaha. Asubuhi walikaa kwenye chumba cha nyuma ya makopo ya rangi wakitafuta namna ya kuipa kila barua alama yake, ya tarehe na saa ilipoandikwa, ili Mtoni iitambue ikija mara ya pili na kuikataa. Siku ya kwanza walibishana tu. Siku ya pili jioni, Mashaka alitokea mlangoni kutoka kazini, akamwamkia mzee, akauliza bila kumtazama Hamdiya kama kuna mtu amefikiria itakuwaje saa ya kompyuta ikiwa haiko sawa. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Alivuta kopo, akaketi.

Hawakupatana kwa maneno. Filomena ndiye aliyeweka masharti kabla ya kupanda basi: kiraka chochote kikija kijibiwe ndani ya wiki, ndiyo au hapana, na kasoro zake zote zitajwe kwa mara moja, na asionekane mtu ananakili diski peke yake. Hamdiya aliona masharti mawili ya kwanza yamemlenga yeye. Mashaka aliona la mwisho limemlenga yeye. Wote walikubali huku wamenuna.

Toleo la tatu lilitoka Alhamisi moja ya mwezi uliofuata, bila hoteli wala makofi. Walinakili pamoja, wakajaribu kila diski, wakazipeleka posta kwa mafungu. Wiki mbili baadaye malalamiko ya kwanza yalikuwa yameshafika, kutoka kituo kimoja cha Bukoba, kuhusu kosa ambalo hakuna kati ya watatu hao aliyelifikiria. Hamdiya aliyasoma mpaka mwisho, akayapeleka kwa Mashaka na kwa Filomena, akafunga chumba, akaenda kazini.