Yule Anayekufa wa Kwanza

Mchana, baada ya kula, mhakiki wa filamu wa gazeti la jioni alivuta mapazia sebuleni kwa shangazi yake, akawasha runinga na kuzima sauti. Ndiyo kawaida yake kwa filamu za kutisha: mara ya kwanza huzitazama bubu. Mtu yeyote anaweza kushtuliwa na ngoma, husema. Kazi ni kutisha kimya. Shangazi alikuwa nyuma ya kochi akipiga pasi mashuka.

Filamu ilikuwa sehemu ya pili ya ile ya mtu mwenye shoka. Haikuchukua muda, msichana mwenye gauni la njano akahisi kitu nje, akaenda kufungua mlango, akauawa. Kisha akatoka kwenye runinga, mguu mmoja kwanza halafu wa pili, kama mtu anayeshuka kwenye lori, akasimama juu ya zulia akitafuta pa kukaa.

"Usikalie hapo, mwanangu," shangazi akasema. "Hicho kitambaa nimekifua jana. Ngoja nikupe taulo."

"Shikamoo, shangazi. Asante."

"Marahaba. Una damu mpaka masikioni. Chai unakunywa?"

"Kama ipo."

Waliofuata walitoka kadiri filamu ilivyosonga: wapenzi wawili waliokuwa bado wanalaumiana nani aliacha gari wazi, na mlinzi mnene aliyeuliza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Mhakiki alikunja miguu wapite, macho hayakubanduka kwenye kioo. Mwishoni alitoka mwenye shoka mwenyewe. Akavua kinyago, akaomba radhi kwa tope la viatu, akasinzia ameegemea kabati la vyombo. Mlinzi akamsogezea mto.

"Umeionaje?" msichana akamuuliza mhakiki.

"Imefaulu."

Hakufurahi. "Nilijua tu. Watayarishaji wanakusubiri wewe. Ukiiponda, wanaachana nayo, tunapumzika. Ukiisifu, wanatengeneza ya tatu."

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe ndiye hujawahi kusifu kitu? Wanasema huyu akimeza, mji mzima utameza. Iponde, kaka. Una kipaji cha kuponda."

"Kipaji?" shangazi akacheka. "Anaponda hata chai yangu."

"Lakini si mbaya," mhakiki akasema, akageuka kumtazama msichana vizuri. "Sehemu ya pili ikirudia damu tu inakuwa porojo. Damu tulishaiona. Katika ile ya kwanza ulikwenda mlangoni mbio, unataka kujua kuna nini. Hapa nyumba ni ileile, mlango ni uleule, lakini kabla hujashika kitasa mabega yanakushuka, kama mtu aliyesikia king'ora cha kiwanda asubuhi. Pale ndipo nilipoogopa. Inafanya kazi kwa sababu wewe unajua."

"Ni kweli huwa najua," msichana akasema. "Ule si uigizaji. Nimechoka."

"Basi andika ni mbaya," shangazi akasema bila kuinua macho kwenye shuka. "Kauongo kadogo tu. Mwenzio shingo imekatwa."

"Sijawahi kuandika uongo, shangazi."

"Hujawahi kufanya mengi."

Mhakiki alikuwa kijana, na aliiamini kalamu yake kuliko wengine wanavyomwamini daktari. Akakaa kwenye meza ya kulia akaandika, wageni wakikoroma. Hakusifu wala hakuponda, aliomba. Aliandika kwamba uchovu wa msichana yule unatisha kuliko shoka, na kwamba atakayelipa kumwona akifungua mlango mara nyingine atakuwa naye ameushika mpini wa shoka hilo. Mwacheni alale, alimalizia. Alipowaamsha akawasomea, wapenzi waliacha kulaumiana na mlinzi akapangusa macho. Mwenye shoka aliomba kipande cha mpini kisomwe tena. Mhariri alipiga simu kusema hajagusa hata nukta.

Kabla wiki haijaisha, foleni kwenye jumba la sinema ilikuwa imekunja kona. Kila mtu alitaka kuyaona yale mabega. Katika mabango mapya, chini ya uso wa msichana, waliandika kwa wino mwekundu: UCHOVU WAKE UNATISHA KULIKO SHOKA. Sehemu ya tatu ikatangazwa, na watayarishaji wakamtumia mhakiki salamu za shukrani.

Wageni walikuwa bado kwa shangazi, wakilala sebuleni na kupokezana zamu ya kuosha vyombo. Asubuhi moja gari lilipiga honi nje. Mwenye shoka alitangulia, kwa kuwa kiti cha mbele ni chake. Msichana alikuwa akisuuza vikombe.

"Nilikosea wapi?" mhakiki akamuuliza.

Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Hukukosea. Uliandika vizuri mno. Hata mimi ningekata tiketi."

Shangazi alimfunga skafu shingoni, akaivuta ifunike pale palipokatwa, akamwambia asikae dirishani maana kuna baridi. Honi ikapigwa tena.

"Ya tatu ikitoka," msichana akasema akivaa viatu, "andika vibaya."

"Sijui kuandika vibaya."

Alisema hivyo kwa huzuni, lakini ndani ya ile huzuni fahari ilikuwa bado imekaa, imekunja nne.

"Najua," akasema msichana, akaenda kazini.